Kazi ya Kukata Wimbo

Siku ya kwanza kazini nilifika nimebeba viatu mkononi. Ilikuwa masika, na barabara ya Kibosho enzi hizo ikilowa haikuwa barabara tena. Nilitembea peku hadi kwenye bomba la shule ya masista, nikanawa miguu, nikavaa viatu, nikanyoosha sketi, nikajiona mtu mzima. Kumbe Sista Mkuu alikuwa ananitazama kutoka dirishani tangu niko getini.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Miguu umenawa. Na mikono je?"

Nikarudi bombani.

Sista Mkuu ndiye aliyenifundisha piano nilipokuwa mwanafunzi palepale, mtoto wa mkulima wa kahawa ambaye nyumbani kwao hapakuwa na hata redio. Alikuwa mzungu mrefu, mkavu, na Kiswahili chake kilikuwa sanifu kuliko chetu sisi wenye nchi, maana chetu kilikuwa na Kichagga ndani yake. Siku hiyo hakunisifu wala kunikaribisha. Alinipeleka ukumbini, ambako piano ilisimama imeelekea ukuta, akatoa mfukoni kioo kidogo cha mkononi, akakifunga kwa waya pembeni mwa kibao cha kuwekea nota.

"Kaa. Unaona nini?"

"Naona mlango, Sista."

"Basi hiyo ndiyo kazi yako. Mpiga piano ni mlango. Watu wakipita vizuri, hawaukumbuki."

Ninyi vijana wa kwaya, ambao kibodi zenu zina kitufe cha kuanzisha ngoma zenyewe, mmewahi kuniuliza kile kioo kilikuwa cha nini, nami nikawajibu kwamba kilikuwa cha kujitazamia uzuri. Sasa nawaeleza kweli. Mpiga piano huwapa watu mgongo. Nyuma yake kuna maandamano: mapadre wanaingia, maharusi wanaingia, wahitimu wanaingia. Wimbo lazima uishe pale mtu wa mwisho anapofika mahali pake, si kabla wala si baada. Mtunzi aliyeuandika huko Ulaya hakujua kanisa letu lina urefu gani. Watoto wa komunyo ya kwanza, asubuhi ya baridi, hutembea kama wanaofukuzwa na nyuki. Askofu hutembea taratibu, na akimwona bibi anayemfahamu anasimama kabisa. Kwa hiyo jicho linabaki kwenye kioo, na vidole vinatafuta kituo, yaani mahali ambapo muziki unaweza kupumzika bila kusikika kwamba umekatishwa. Ukikipata unapunguza mwendo, unakanyaga pedali ya kulia ili sauti ibaki inaelea kidogo, unafunga. Sisi tuliita kukata wimbo. Ukikata vibaya kila mtu anageuka kukutazama. Ukikata vizuri hakuna anayejua kwamba kulikuwa na kurasa nyingine.

Bila kujisifu, nilikata vizuri. Nimewapunguza watunzi wakubwa wa Ulaya kama mtu anayepogoa mibuni, nao hawakulalamika kwa kuwa walikwisha kufa. Lakini lipo jambo moja, na ndilo lililonikalisha hapa kuandika. Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kupiga wimbo mmoja hadi mwisho wake mbele ya watu bila kuukata. Hata mmoja. Jumapili ijayo, Mungu akipenda, nitajaribu, katika ukumbi wa parokia, peke yangu.

Nirudi kwa masista. Huku juu mlimani adui wa piano ni unyevu. Kuanzia Mei ukungu unashuka kutoka msituni na kukaa ndani ya nyumba kama mgeni asiye na haraka. Funguo, vile vibao vyeupe na vyeusi, zinavimba na kugandana. Unabonyeza mmoja, unashuka na jirani yake. Ndani kuna nyundo ndogo zilizovalishwa sufu, ambazo ndizo zinazogonga nyuzi. Nazo zikilowa, piano inaongea kama mtu mwenye mafua. Sista Mkuu alinifundisha kutundika mfuko wa mkaa mkavu ndani ya sanduku la piano, na kuuanika juani kila siku jua linapokumbuka kutoka. Bondeni mambo yanageuka. Niliwahi kupelekwa Chekereni na kinanda cha upepo, kile cha kukanyaga kwa miguu, kwa ajili ya Misa ya wakulima wa mpunga. Joto la kule lilikausha ngozi ya viriba vyake hadi ikapasuka katikati ya wimbo wa Utukufu, na Misa ikamalizika kwa midomo mitupu. Watu walisema waliimba vizuri zaidi siku ile.

Wimbo nitakaoupiga Jumapili alinifundisha Sista Mkuu. Ni wa mtunzi wa kale wa huko kwao, na jina lake halitawasaidia. Ni mrefu. Unaanza kwa utulivu, unapanda, unafoka, halafu kwenye ukurasa wa mwisho mkono wa kushoto unabaki peke yake, unateremka sauti moja baada ya nyingine, mpaka mkono wa kulia unaporudi kwa sauti chache tu, kama mtu aliyesahau kitu ndani ya nyumba.

"Ukurasa huu," Sista aliniambia, akiugonga kwa kucha, "ndio uliofanya hizo nyingine ziandikwe."

Alipougua na kuitwa kwao, shule nzima ilimuaga ukumbini. Nilipangiwa kupiga wakati anatoka. Nikachagua wimbo ule. Nilijiambia kwamba ni mgonjwa, atatembea polepole, wanafunzi watamshika mkono mmoja mmoja, na mimi nitapata nafasi ya kuufikisha mwisho ili ausikie. Lakini Sista Mkuu hakuwa mtu wa kuagana. Nikatazama kioo, nikamwona amekwisha fika mlangoni, na nje gari linanguruma. Nikakata. Ulikuwa mkato safi, pengine safi kuliko yote niliyowahi kukata. Akageuka, akanitazama kupitia kioo, akainamisha kichwa mara moja kukubali, akatoka. Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwa mwalimu wangu, na niliilia mpaka kengele ya chai.

Kazi yangu ya pili ilikuwa Moshi mjini, kwenye chuo cha ualimu, kufundisha muziki na kusindikiza kwaya ya chuo. Kusindikiza ni kupiga chini ya sauti za waimbaji. Wakichoka unawashika, wakipotea unawafuata. Mwimbaji akiruka mstari na wewe unaruka, tena kwa uso usioonyesha kitu. Akimaliza anapigiwa makofi, na wewe unafunga kitabu. Sikuwa na kinyongo na hilo. Niliwapenda waimbaji wangu, na wengi wao sasa ni walimu wakuu waliostaafu wanaonipita barabarani bila kunikumbuka, maana waliimba wamenipa mgongo kama mimi nilivyowapa.

Mkuu wa Chuo alikuwa mtu wa Upare, mnene, mpole, mpenda ratiba. Nilikaa miaka kadhaa kabla ya kumwomba kitu. Mwaka mmoja, kabla ya mahafali, nikamwomba niwekwe kati ya hotuba ya wahitimu na hotuba ya mgeni rasmi, nipige wimbo mmoja bila kwaya. Akatazama ratiba yake, akasema sawa.

Siku ilipofika nikaketi, nikapumua, nikaanza. Nilikuwa bado katika mistari ya kwanza niliposikia viti vinasukumwa. Nikatazama kioo cha Sista, nilichohama nacho. Ukumbi mzima umesimama. Wazazi wamesimama, wahitimu na majoho yao wamesimama, mgeni rasmi naye amesimama anafunga vifungo vya koti, na wote wamegeukia mlango. Kwao piano ikilia peke yake maana yake ni moja: kuna mtu anaingia. Wakangoja. Hakuingia mtu. Mlangoni palikuwa na mbuzi wa mlinzi tu, naye hakuwa na nia ya kuingia.

Mkuu wa Chuo akanisogelea, akainama sikioni. "Mwalimu, nani anaingia?"

"Hakuna mtu, Mkuu."

"Sasa umempigia nani?"

Nikatafuta kituo, nikakata, wakaketi. Hakuna aliyecheka, na ingekuwa nafuu wangecheka. Jumatatu akaniita ofisini, akanipa kiti. "Mwalimu Perpetua," akasema, "kipaji unacho. Lakini watu wetu ukiwapigia kinanda wanasimama, ndivyo kanisa lilivyowalea. Usiwachezee miguu." Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananihurumia, na huruma ile nilitembea nayo muda mrefu.

Ni katika miaka hiyo alipokuja kuniposa bwana shamba wa Mwika. Alikuja na wazee wake na mbege yao, pombe yetu ya ndizi, mambo yakaenda kwa heshima zote. Alikuwa mtu mzuri. Alijua mibuni kama anavyojua watoto wa dada yake, hakuwa mlevi, na alikuwa tayari piano yangu ya nyumbani ibebwe mpaka Mwika hata kwa mabega ya watu. Tatizo lake lilikuwa moja: kila nilipompigia alilala. Si kusinzia, kulala, kidevu kifuani, kofia magotini. Nilipomaliza aliamka na kusema, "Vizuri sana, mwalimu." Nikamkataa. Mama yangu aliniuliza sababu, nikaenda kuchota maji. Siku ile sikujuta. Nilijuta baadaye, kisha nikaacha kujuta. Siku hizi, jioni ikiingia na nyumba imenyamaza, naona kwamba mtu anayelala kwenye kiti naye ni mtu.

Chuo kilipoondoa muziki kwenye ratiba, nilipata kazi hotelini, hapohapo mjini. Wageni walikuwa wapanda mlima. Jioni moja wanakula kwa hofu kabla ya kupanda, jioni nyingine wanakula kwa usingizi baada ya kushuka. Meneja alinipokea jikoni, kati ya sufuria.

"Mama, umewahi kuona feni?"

"Nimeiona, Meneja."

"Basi piga kama feni. Watu wasikie ubaridi, wasitazame juu."

Nikapiga kama feni. Kule kukata kulikuwa kwa kila namna: keki ya mtu imeletwa, kata, kiongozi wa wapagazi anataka kutoa maelezo ya kesho, kata, mzungu ameanguka kwa kizunguzungu cha mlimani, kata. Pale sikuhitaji kioo, mhudumu alinigusa bega. Jioni moja mgeni mmoja mama mzee aliacha kijiko, akanisikiliza, nikaona macho yake yamelowa. Nikafikiri, huyu ndiye. Nikaingia katika wimbo wa Sista Mkuu. Nilipokuwa nakaribia ukurasa wa mwisho basi lao likapiga honi, akaja, akanishika mkono nikiwa bado napiga, akanishukuru kwa moyo wote, akaenda. Alidhani ananifanyia jambo jema.

Nyumbani nilikuwa na piano yangu. Masista walipopata mpya waliniachia ile ya zamani, ileile ya siku yangu ya kwanza. Kaka yangu Severini na wenzake waliipandisha kwa magogo na kamba, wakiimba kama wanavuta mti. Mtoto wa kike wa Kichagga harithi kihamba, ile ardhi ya ukoo yenye migomba na kahawa ambamo tunaishi na ambamo tunazikwa. Kwa kuwa sikuolewa, Severini alinikatia kona, akanijengea vyumba viwili, na hakuwahi kunikumbusha kwamba ni kona yake. Mungu amlaze pema. Yuko hapo chini, kwenye migomba, nyuma ya zizi.

Aliacha mjane, Mama Adelina, wifi yangu. Kati ya mlango wake na wangu kuna safu ya migomba na mfereji mdogo. Tumeishi hivyo tangu alipoletwa bibi harusi, na sitadanganya kwamba tulikuwa marafiki. Yeye ni mtu wa jembe na ng'ombe. Mimi ni mtu wa vidole. Kuhusu muziki aliwahi kuniambia jambo moja tu, Adelina alipokuwa mchanga: "Wifi, naomba unyamazishe hicho kitu mtoto alale." Nikanyamazisha. Tangu hapo sikumwona akikaribia dirisha langu, na hajawahi kuketi chumbani kwangu nikipiga. Watoto wake walienda Dar es Salaam na Arusha, na Severini alipofariki tukabaki sisi wawili, kila mmoja na moshi wake.

Lakini hakunitupa. Jioni nyingi nikifunga piano na kufungua mlango nakuta bakuli barazani limefunikwa sahani, mtori ndani, ile supu nzito ya ndizi, bado una moto. Habishi hodi. Ninakula, asubuhi naosha bakuli, nalirudisha na parachichi au kipande cha sabuni. "Aika, wifi." "Aika, mae." Asante wifi, asante mama: ndiyo mazungumzo yetu.

Hotelini niliondoka walipoweka spika. Nikabaki na kazi ya parokia, ambayo niliianza zamani kwa siku za Jumapili na kuimalizia kwa wiki nzima: Misa, ndoa, mazishi, mazoezi. Mwaka huu vidole vya mkono wa kulia vimeanza kukataa asubuhi za baridi, nikamwambia Paroko inatosha.

Paroko wetu ni kijana, mtu wa Rombo, mchangamfu. Alinijia nyumbani akaketi kwenye kiti cha bwana shamba, ingawa yeye hakulijua hilo.

"Shikamoo mwalimu. Kamati imekaa. Tunataka kukuaga kwa heshima. Kitenge, ndafu, na cheti. Uchague na siku."

Ndafu ni mbuzi mzima wa kuchomwa, anayesimamishwa mezani na majani mdomoni kama anaendelea kula. Nikamwambia, "Marahaba Padre. Mbuzi mwacheni aishi. Nipeni ukumbi mchana mmoja, nipige piano."

"Vizuri sana. Na kwaya ipi?"

"Bila kwaya."

"Na maandamano yatatokea wapi?"

"Hakuna maandamano. Watu wanaketi, mimi napiga, wananisikiliza mpaka mwisho. Basi."

Alilipeleka kwenye kamati, nami nikaitwa. Mwenyekiti wa kamati, muuza vifaa vya ujenzi, aliniuliza kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa, "Na emsii atasema nini?" Nikamwambia hakutakuwa na emsii. Wakatazamana. Sherehe bila emsii hawajawahi kuiona tangu wabatizwe. Mmoja akapendekeza tungoje Desemba, wakati Wachagga wote wanarudi nyumbani na ukumbi unajaa. Nikawaambia Desemba ukumbi una harusi asubuhi na komunyo jioni, na kila mtu ana ndafu mahali. Nataka Juni, wakati tupo wenyewe.

Mwisho Paroko akatoa suluhu. "Sawa, Juni, baada ya Misa ya pili. Ila kwaya itasimama pembeni, mwalimu. Tukiona watu wamechoka, Mwenyekiti atainua mkono na kwaya itaingia, kukusaidia."

"Padre, wakiingia nitakata. Mikono hii sitaweza kuizuia."

"Ni kwa ajili yako, mwalimu. Usije ukaaibika."

Nikakubali. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nimechoka uchovu ambao kulala hakuuondoi. Sikuogopa kukosea. Niliogopa kitu kingine, na nakisema wazi: kwamba wimbo ule hauna msikilizaji duniani. Sista Mkuu amekufa. Kama ukurasa wa mwisho nausikia mimi tu, nikiondoka nazikwa nao, na watu watasema alikuwa mpiga kinanda mzuri, alijua kusindikiza.

Watu hustaafu, kisha huwashauri vijana. Ushauri wangu ni mfupi. Kausheni mkaa. Kateni kucha. Mjue kukata wimbo, kwa sababu ndiyo kazi, na kazi ni ya kuheshimiwa. Nimewaingiza kanisani watoto, nikawaingiza tena wakiwa maharusi, na wengine nikawatoa kwa jeneza, na hakuna aliyejikwaa. Lakini msifanye nilivyofanya mimi, kungoja uzee ndipo mwombe watu waketi. Na kama mnaona kwamba hakuna anayewasikiliza, msiwe na hakika sana. Hili la mwisho nimelijua Ijumaa iliyopita, na ndilo lililonifanya jana nimpigie Paroko simu kumwambia kwamba kwaya wakae kwenye mabenchi na watu wengine. Aliuliza nimepata wapi ujasiri. Nikamwambia atausikia Jumapili.

Ijumaa nilienda ukumbini kujaribu piano ya parokia. Nilibadilisha mfuko wa mkaa, nikapapasa funguo mmoja mmoja, nikafungua kioo kwenye waya wake na kukilaza kifudifudi juu ya sanduku. Akina mama wa jumuiya walikuwa wamekuja kufagia na kupanga mabenchi, wifi yangu akiwa miongoni mwao, kwa kuwa zamu ilikuwa ya upande wetu. Sikuwaambia kitu. Nikaanza.

Mafagio yakanyamaza. Sikuwa na kioo cha kutazama, lakini mlio wa watu wanaosimama naujua: kandambili zinakusanyika, khanga zinafungwa upya kiunoni, mtu anakohoa kwa adabu. Walikuwa wamesimama wote, na mafagio yao, wameelekea mlango.

"Nani anaingia, mae?" mmoja akanong'ona.

"Hakuna anayeingia," nikasema bila kugeuka, mikono ikiendelea. "Ni mimi tu."

Waliendelea kusimama. Ndipo nikasikia sauti ya wifi yangu, ileile anayoitumia kuwaamuru ng'ombe.

"Kaeni chini jamani. Huu hauna mtu wa kuingia. Huu ni wa jioni."

Benchi likalia. Akaketi yeye kwanza, kisha wengine. Nikapiga. Wimbo ukapanda, ukafoka, na nyuma yangu hapakuwa na mlio wowote. Nikafika mwisho wa ukurasa unaotangulia ule wa mwisho, na hapo mtu akasogeza fagio, kidogo tu, likakwaruza sakafu. Sikuamua mimi. Vidole viliona kituo, mwendo ukapungua, mguu ukakanyaga pedali, sauti ikaelea. Nilikuwa nimekata, tena kwa ufundi wote wa maisha yangu.

"Aika, mwalimu," mmoja akasema, akiinuka. "Pole na kazi." Mafagio yakaanza kuokotwa.

"Bado," akasema wifi yangu.

Nikageuka. Alikuwa ameketi palepale, fagio magotini, uso wake wa kila siku.

"Haiishiagi hapo, wifi. Bado kuna ule wa kushuka chini. Ule ukiisha ndiyo naachaga bakuli."

Nilimtazama. Nikaona safu ile ya migomba, na mtu amesimama ndani yake na bakuli la moto mikononi, jioni baada ya jioni, anangoja nimalize.

"Maliza basi," akasema. "Ng'ombe wangu hawajala."

Wale wengine wakaketi tena. Kioo nilikiacha kimelala kifudifudi. Nikarudisha mkono wa kushoto pale nilipokatia, nikashuka nao hadi mwisho.